Mafua ya Bwana Onyo

Sehemu ya Saba

Wewe uliyenunua gazeti hili kwa pesa yako, pokea heshima zangu. Na wewe unayelisoma juu ya bega la mwenzako, au uliyetumiwa picha ya ukurasa huu kwenye simu, endelea tu. Sina tena ubavu wa kukusema. Baada ya wiki sita za kunisoma unajua mimi ni mtu wa namna gani.

Kwa mgeni nitasema kwa kifupi. Kazi yangu ni sauti. Ukiweka filamu yoyote ya kampuni yetu, kabla ya picha ya kwanza unamsikia mtu mwenye besi akikuambia: "Onyo. Kunakili au kusambaza filamu hii bila idhini ni kosa la jinai." Mtu huyo ni mimi. Kazini wananiita Bwana Onyo, hata kwenye karatasi ya mahudhurio.

Kuna sauti nyingine mnayoijua kuliko hiyo. Ni ya Mjomba, yule mharamia wa mtandaoni anayerusha filamu za watu bure kwenye chaneli yake, na kila filamu huipiga muhuri mwanzoni kwa sauti iliyozibwa pua: "Vuta kiti, usivute pochi. Bjoba dibefika!" Watoto mitaani wanaiiga. Mke wangu huicheka mpaka machozi yanamtoka.

Mjomba naye ni mimi. Yaani sauti tu. Miaka mitatu iliyopita, sina kazi, nina mafua makali, shemeji yangu, kaka wa mke wangu anayekaa kwangu, aliniwekea simu mdomoni, tukacheka, nikasema maneno hayo mara moja. Mafua yalipona baada ya wiki. Yeye ameyabandika maneno yale kwenye kila filamu aliyoiba tangu siku hiyo, na kwa kuwa nikiwa mzima sauti yangu ni nyingine kabisa, hakuna aliyewahi kugundua. Hata mke wangu hakujua.

Wiki iliyopita niliishia pabaya. Filamu mpya ya kampuni ilivuja wiki mbili kabla ya kuonyeshwa, ikiwa na muhuri wa Mjomba. Ilitoka kwenye diski ya akiba niliyoichukua kabatini bila kusaini, nikaenda nayo nyumbani kufanya mazoezi ya kusoma trela. Shemeji akaichomoa kwenye begi langu nikiwa naoga. Lakini aliyesimamishwa kazi si mimi. Ni mhariri wetu wa filamu, mama wa mapacha, tunamwita Mkasi. Yeye ndiye pekee aliyesaini kitabu cha nakala. Siku ya kikao nilikaa kiti cha tatu kutoka kwake nikatikisa kichwa kwa masikitiko, pamoja na wengine.

Basi sikieni ya Jumatano.

*

Niliamka pua zote mbili zimeziba.

Mke wangu alikuwa ameshaondoka. Anafua mashuka hospitali na zamu yake inaanza mapema. Nikasimama mbele ya kioo cha bafuni, nikajaribu neno moja: "Onyo."

Kilichotoka ni "Odyo."

Nikapenga kamasi, nikasukutua kwa chumvi, nikajaribu sentensi nzima. Uso kwenye kioo ulikuwa wangu, lakini aliyezungumza alikuwa Mjomba, mzima mzima, hajapungua hata mkwaruzo mmoja. Miaka mitatu nimekuwa nikimwona mtu anapiga chafya nahama kiti. Miaka mitatu sikuumwa mafua ya namna ile. Yakaja kuniingia wiki ambayo Mjomba anatafutwa na polisi.

Nikaketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea nikashika kichwa.

Shemeji alikuwa jikoni akikaanga mayai, simu zake nne zimepangwa mezani zinachaji. Huyu ndiye niliyetaka asinisikie kuliko watu wote. Kila mwezi hunilalamikia kwamba muhuri umechakaa, kwamba anatamani niugue tena turekodi mpya. Nikajifunga taulo shingoni nikamwonyesha koo kwa kidole.

"Koo linauma? Pole." Akanitazama kwa matumaini. "Si mafua lakini?"

Nikatikisa kichwa.

"Bahati mbaya." Akageuza mayai. "Au ndiyo bado umeninunia? Shem, mimi nakuheshimu, wewe ni mume wa dada. Ila niambie, mji mzima huu una kumbi ngapi za sinema? Mbili! Na kiti kimoja ni bei ya chakula cha nyumba nzima. Mtu wa kule bondeni ataiona lini filamu yenu? Akishazeeka? Mimi namfikishia alipo. Yule dada mwigizaji wenu akipita sokoni watu wanampigia makofi, unadhani walimwona wapi?"

Nikaandika nyuma ya bahasha: MKASI ANA WATOTO WAWILI.

Akaisoma, akaacha kugeuza mayai.

"Huyo mimi simjui," akasema. "Sijamtaja popote. Waliomsimamisha ni wao." Halafu akapunguza sauti. "Na nikiifuta leo itasaidia nini, Shem? Iko kwenye simu za watu wangapi saa hizi? Mimi mwenyewe niliyeitoa siwezi kuirudisha."

Hapo alisema kweli, na ndipo paliponiuma zaidi. Nikavaa viatu nikaondoka na taulo langu shingoni.

*

Mlangoni kwa kampuni yetu kuna kikapu. Tangu filamu ivuje, kila anayeingia anaacha simu yake humo, mlinzi anaizungushia karatasi yenye jina lako na kuifunga kwa mpira. Hata Madam, mwenye kampuni, huacha yake; polisi tu ndio wanaoruhusiwa kuingia nazo. Nikaacha yangu.

Nilikuwa nimeandaa karatasi nyingine: SAUTI IMEKAUKA. NIMEAMBIWA NISISEME SIKU TATU. Kwenye "siku tatu" nilipiga mistari miwili.

Madam akaisoma mbele ya wote, ndani ya chumba cha kurekodia. Ni mjane wa miaka sitini na ushee, mfupi, huwa ana miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na ile ya kichwani huitafuta kila siku. Filamu iliyovuja aliitengeneza kwa kuuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe.

"Siku tatu hatuna, mwanangu," akasema. "Ukumbi unataka nakala leo saa sita. Na nataka onyo jipya, lenye namba ya kupiga kwa yeyote anayemjua Mjomba. Sentensi nne tu. Hebu kaa hapo."

Akaenda mwenyewe kuchemsha maji, akarudi na kikombe chenye limau, akanishikia mpaka nikamaliza. Mama yangu mzazi hajanishikia kikombe tangu niote ndevu. Nilikuwa nikimeza na kuona haya, nikimeza na kuona haya.

Kwenye kochi la nyuma walikaa watu wawili. Mmoja alikuwa Afande, mpelelezi wa makosa ya mtandao, kijana mtaratibu mwenye daftari. Wa pili alikuwa Mkasi. Aliitwa aje afungue kompyuta yake ya kuhariria, na saa sita hiyohiyo aondoke na Afande kwenda kuandikisha maelezo. Kila mtu mle ndani alijua kwamba maelezo ya namna ile huandikwa na mtu ambaye halali kwake. Mwenyewe alijua pia. Alikuja na mkoba, na ndani yake, juu ya sweta, mswaki ulikuwa unachungulia.

"Pole na koo, Bwana Onyo," akaniambia.

Hakuwa na kinyongo chochote. Ningeona afadhali anitukane.

Fundi wa sauti akanifungulia chumba cha kioo. Ni kijichumba cha kutosha mtu mmoja na maiki, kuta zimebandikwa sponji, mlango mzito kama wa friji la bucha. Ukifungiwa mle husikii kitu cha nje mpaka wakusemeshe kwenye hedifoni. Wao wanakusikia hata ukimeza mate. Kupitia kioo unawaona wote, na ukichungulia kwa pembeni unaiona skrini ya fundi, jinsi sauti yako inavyojichora milima na mabonde.

"Haya, twende," fundi akasema masikioni mwangu.

Nikanong'ona.

"Huo ni upepo, bwana. Toa sauti."

Nikajaribu sauti nyembamba, ya kubana koo. Madam akainama kwenye maiki yao. "Mwanangu, acha michezo. Soma tu kama ilivyo, hata ikikwaruza."

Nikafikiria kuzimia. Sijawahi kuzimia maishani, sikujua mtu huanzia wapi.

Nikasoma.

"Odyo. Kudakili au kusabbaza filabu hii bila idhidi..."

Ng'ambo ya kioo vichwa vyote viliinuka kwa pamoja. Kalamu ya Afande ikasimama. Madam akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni.

Basi, nikajiambia, imekwisha. Na nitawaambia kitu ambacho sikutarajia: nilipata nafuu. Mabega yalinishuka, nikahisi kama nimetua gunia la miaka mitatu.

Fundi wa sauti akapasuka kicheko.

"Huyu mtu ni kiboko! Madam, umesikia? Kamwiga Mjomba! Koo linamuuma lakini utani hauachi!"

"Huu si utani," Madam akasema polepole.

Nikaanza kuvua hedifoni.

"Si utani hata kidogo. Hii ni akili! Watu wanampenda yule mwizi kwa sababu ya sauti yake. Sasa onyo watalisikia kwa sauti hiyohiyo. Mtu acheke weee, akija kumaliza kucheka ameshaisikia namba ya kupiga. Mwanangu, kipaji chote hiki ulikificha wapi?"

Ningefanya nini, jamani? Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama msanii anayepokea tuzo.

Afande hakucheka. Alikuwa amesogea mpaka kwenye kioo, ananiangalia mdomo.

"Sema maneno yake yenyewe," akasema.

"Vuta kiti, usivute pochi. Bjoba dibefika."

"Sawasawa kabisa. Kama nisingekuwa nakuona ni wewe, ningekutia pingu."

Wakacheka wote. Nami nikacheka nao, na kicheko chenyewe kikawa cha Mjomba.

Mkasi peke yake hakucheka. Alikuwa ameshaacha kunitazama mimi. Alikuwa anaitazama skrini ya fundi.

*

Mimi nilidhani kwamba shida yangu imekomea hapo, kumbe ndiyo kwanza Afande anapata wazo.

"Sikilizeni," akasema, akifungua daftari. "Chaneli ile ina watu wawili. Anayesema, na anayepandisha filamu. Namba hii hapa ndiyo ya huyo wa pili, watu hutuma kuomba filamu wanazotaka. Nimeipiga mwezi mzima, hapokei mgeni. Lakini akipata ujumbe wa sauti kutoka kwa Mjomba mwenyewe, kwamba nimebadilisha namba, nipigie, si atapiga? Akipiga, huyu bwana anamvuta maneno, tunajua yuko wapi."

Madam akanishika mkono. "Kumbe Mungu alikuweka akiba kwa ajili ya siku hii," akasema.

Namba ile sikuijua. Lakini nilikumbuka zile simu nne juu ya meza ya jikoni, na nikajua kwamba ni mojawapo.

Nikaomba kwenda chooni.

Kabla ya choo kuna meza ya mapokezi, na juu yake simu ya mezani. Dada wa mapokezi alikuwa kwenye ghala la nyuma akihesabu mabango. Namba pekee ninayoikumbuka kwa kichwa ni ya mke wangu. Nikaibonyeza huku nimeinama kama mwizi wa kuku.

"Haloo?" Nyuma yake mashine za kufulia zilikuwa zinanguruma.

"Bke wagu, di bibi! Bwabbie kaka yako—"

Akaangua kicheko.

"Jamani njooni msikie, Mjomba kanipigia simu!" akawaita wenzake. "Mjomba, ile filamu ya juzi imekatika katikati! Tuletee nzima, tunataka kujua kama alimwoa!"

"Sikiliza, di bubeo!"

"Mume ninaye, tena sauti yake ni ya dume. Wewe nenda katibu hayo mafua."

Akakata.

Nilipogeuka, Mkasi alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu, mkoba begani. Mwisho wa korido, mlangoni, Afande alikuwa amesimama akimchunga kwa mbali.

"Nimeruhusiwa kunawa uso," akasema kwa sauti ya chini. "Kaka, unajua kazi yangu ni nini?"

Nikarudisha mkono wa simu mahali pake.

"Watu wanadhani nakata picha. Nusu ya kazi yangu ni kukata pumzi. Kila ulichowahi kusoma humu, miaka miwili, mimi ndiye ninayekutoa pumzi ili usisikike unahema. Watu wengine huvuta pumzi moja kabla ya sentensi. Wewe unavuta mbili. Kwenye skrini ni kilima kidogo, halafu kilima kikubwa. Nikiviona tu nakujua, hata spika zikiwa zimezimwa."

Nikaziba pua na mdomo kwa taulo.

"Maneno ya Mjomba hata wanangu wanayaiga," akaendelea. "Lakini kwenye muhuri wake, pale kati ya kiti na pochi, kuna vilima viwili. Kidogo, kikubwa. Tangu filamu ivuje navitazama na kujiuliza, hivi nimeviona wapi? Leo nimeviona tena. Mtu anaweza kuiga sauti, kaka. Pumzi haiigwi na mtu yeyote."

Kuanzia hapa nitawaandikia nilichokusudia kusema. Pua mtajazia wenyewe.

"Dada, sikuivujisha mimi. Iliibiwa ndani ya begi langu."

"Begi lako." Akaliangalia lile neno kama kitu nilichomwekea mkononi. "Kwa hiyo ilikuwa begini mwako. Na kikaoni ukakaa kimya."

Nikatazama kule mlangoni alikosimama Afande.

"Utanitaja?" nikauliza. Ndiyo, hilo ndilo nililouliza. Sikuuliza juu ya watoto wake.

"Nani ataniamini? Mshukiwa akitaja mtu wanasema anatafuta wa kumtwisha mzigo. Wakinisikia nasema vilima viwili watadhani nimechanganyikiwa." Macho yalimjaa lakini sauti haikutetereka. "Wanangu nimewaacha kwa jirani, nimewaambia nitarudi saa nane kuwapa chakula. Saa sita naingia kwenye gari la yule kijana. Miaka miwili tunafanya kazi pamoja sijakuomba kitu. Leo nakuomba. Sema mwenyewe."

Akaniacha pale akaenda kunawa uso.

*

Saa tano na nusu nilikuwa nimerudishwa chumba cha kioo.

Afande aliingia na simu yake kurekodi ujumbe. Tulibanana mle ndani mpaka nikahisi harufu ya sabuni yake. Mara ya kwanza niliharakisha makusudi maneno yakaungana. Mara ya pili nikapiga chafya, na hiyo haikuwa makusudi. Mara ya tatu Madam akapiga makofi ng'ambo ya kioo: "Hiyo! Hiyo ndiyo!"

"Mimi Mjomba. Hii ndiyo namba yangu mpya. Nipigie sasa hivi."

Ujumbe ukaenda.

Afande akaiweka simu kwenye stendi ya karatasi, mbele ya maiki. "Akipiga, unabonyeza hapa tu, spika iko wazi. Muulize yuko wapi. Sisi tunasikia yote, na fundi anarekodi." Fundi akamfungulia, akatoka. Mlango ukajifunga kwa uzito wake, masikio yakanijaa ukimya.

Nikabaki na maiki na simu ya polisi. Ng'ambo ya kioo sura nne zilikuwa zinanitazama kama watu waliokuja kuona samaki. Hata pua sikuweza kupenga, wangesikia.

Nilipiga mahesabu yangu pale nimesimama. Nikisema, kazi imekwenda, na shemeji anafungwa kwa mdomo wangu. Mke wangu ana kaka mmoja tu duniani. Nisiposema, Mkasi anaondoka na mswaki wake. Na shemeji akipiga, sitakuwa na cha kuchagua tena. Njia zote tatu zilipita juu ya kichwa changu, na mlango wa kutokea hufunguliwa na fundi, kwa nje.

Labda hatapiga, nikajipa moyo. Hapokei mgeni, kwa nini ampigie mgeni?

Saa sita kasoro robo. Madam akainama kwenye maiki yao ili kunichangamsha.

"Usiogope, mwanangu. Unajua, mume wangu alikuwa anakupenda sana? Kabla hajafa alisema, yule kijana wa onyo, siku moja mfanye msimamizi. Alisema mtu mwenye sauti kama ile hawezi kuwa mwongo."

Jamani, wengine husema ukweli kwa kupigwa. Mimi nilikuwa nauawa kwa kusifiwa.

Kasoro tano. Afande akatazama saa, akafunga daftari, akamgusa Mkasi bega. Mkasi akainuka, akauvaa mkoba, akasukumia mswaki ndani. Hakunitazama. Uamuzi aliniachia mwenyewe.

Nikaona mkono wake unafika kwenye kitasa cha mlango.

"Madam," nikasema kwenye maiki. "Nina neno."

Wote wakageuka. Mkasi akabaki na mkono kwenye kitasa.

"Sema, mwanangu," Madam akasema.

Nikafungua mdomo.

Simu ikaita.

Afande aliruka. Alikuwa ananionyesha kwa kidole kupitia kioo: bonyeza, bonyeza! Ningeweza kuiacha iite mpaka ikate. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuiacha. Nadhani nilishazoea kutii kila ninachoambiwa mle ndani, kusoma kila kinachowekwa mbele yangu. Nikabonyeza.

"Shem!" Sauti ya shemeji ikajaa chumba cha kioo, na kupitia maiki ikajaa na chumba cha pili. "Shem, ni wewe! Asubuhi umenidanganya ni koo, kumbe mafua yamerudi! Usinywe dawa, nakuomba! Hata maji ya moto usiguse! Narudi nyumbani sasa hivi turekodi muhuri mpya kabla hujapona. Haloo? Shem? Usiniambie bado umenuna kwa ile diski niliyoitoa begini mwako!"

Hakuna aliyecheka. Fundi alikuwa ametoa mikono yake juu ya mashine, anaitazama kana kwamba imemuunguza. Mkasi akaachia kitasa, akaja akaketi kwenye kochi, akauweka mkoba miguuni. Afande alikuwa ameshafungua daftari, anaandika haraka.

Madam alikuwa bado ameshika kile kikombe cha limau. Akakiweka mezani. Akavua miwani ya kichwani, akavua na ya machoni, akanitazama kwa macho matupu ambayo sikuwahi kuyaona hata siku moja. Yalikuwa madogo na yamechoka.

Akainama kwenye maiki.

"Mjibu," akasema masikioni mwangu. Hakuniita mwanangu. "Mjibu shemeji yako."

"Haloo? Shem, uko wapi?" shemeji akawa anauliza kwenye simu. "Mbona unahema tu?"

Wote walikuwa wananitazama mimi, isipokuwa Mkasi. Yeye alikuwa anatazama skrini, nami nikatazama anapotazama.

Nikavuta pumzi. Kilima kidogo kikapanda. Kisha kikapanda kikubwa.